Maswali ya Wasomaji: Pima Kurasa Zako Kabla ya Kununua Kifaa cha Kusomea

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi na nyumbani kwangu ni Kibosho, kwa hiyo kila siku ninapanda Hiace kwenda na kurudi, na huo ndio muda wangu wa kusoma. Kwa sasa ninatumia kishikwambi tulichogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, lakini kioo chake kinanichosha macho, na jua likipiga dirishani sioni kitu. Ninasoma riwaya za Kiingereza na za Kiswahili, pamoja na vitabu vya kiada nilivyo navyo katika PDF. Shemeji yangu atakuja kutoka Marekani mwezi Desemba na ameahidi kuniletea kifaa maalumu cha kusomea vitabu, ila anataka nimtajie aina. Nimwambie alete kipi? (Mwalimu, Moshi)

JIBU: Mwalimu, tuanze na vitabu vyenyewe, kwa maana barua yako imebeba mahitaji mawili ambayo kifaa kimoja cha bei ya wastani hakiyatimizi. Riwaya inayouzwa katika mfumo wa faili za vitabu uitwao EPUB, au katika mfumo wa duka la mtandaoni la Amazon, haina kurasa zilizogandishwa: ukikuza herufi, maneno hujipanga upya yakaenea kioo chochote. PDF ni picha ya ukurasa uliokwisha kupangwa, na ukurasa huo hausogei wala haujipangi.

Usichukue neno langu tu. Kata kipande cha karatasi ngumu chenye upana wa sentimita 9 na urefu wa sentimita 12, ambao ndio ukubwa wa kioo cha inchi 6, ukiweke juu ya ukurasa wa A4 wenye upana wa sentimita 21. Ili ukurasa huo mzima uingie katika kipande chako, herufi ya pointi 12 itabidi isinyae hadi pointi 5 hivi, yaani kama maandishi ya maelezo ya dawa yanayokunjwa ndani ya pakiti. Kioo cha inchi 10.3 kinaiacha herufi hiyohiyo kwenye pointi 8 au 9, nayo inasomeka, lakini vifaa vya ukubwa huo ni ghali na havishikiki kwa mkono mmoja wakati mkono mwingine umeng'ang'ania bomba la Hiace.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: vitabu vya kiada vibaki kwenye kishikwambi, ambako picha zake za rangi zinaonekana vizuri, na shemeji alete kifaa cha inchi 6 au 7 kwa ajili ya riwaya peke yake. Vipo vifaa vya kusomea vyenye rangi, lakini rangi zake zimefifia ukilinganisha na za kishikwambi, na maandishi ya rangi hupoteza nusu ya ukali: nukta 150 kwa kila inchi badala ya 300 za maandishi meusi.

Macho na jua havitakusumbua tena. Kioo cha vifaa hivi, kiitwacho cha wino wa kielektroniki, kina chembe nyeusi na nyeupe zinazosukumwa na umeme hadi zikapanga herufi, na zikishakaa mahali pake hazihitaji umeme mwingine mpaka ufungue ukurasa mpya. Ndiyo maana chaji moja hufika wiki kadhaa, jambo ambalo mtu wa Kibosho aliyezoea umeme kukatika hahitaji kuelezwa faida yake. Kioo hicho husomwa kwa mwanga unaokiangukia, kama karatasi, hivyo jua la dirishani litakuwa msaada. Usiku kuna taa ndogo za pembeni zinazomulika kioo chenyewe badala ya kukumulika wewe usoni.

Sasa majina. Kindle imefungamana na duka la Amazon, ingawa tangu 2022 unaweza kuituma EPUB yako kwa huduma yao nayo ikabadilishwa ili isomeke humo. Kobo inaifungua EPUB moja kwa moja, na kwa msomaji anayekusanya vitabu kutoka sehemu mbalimbali mimi ningeanzia hapo. Hata hivyo, kabla shemeji hajalipa, andika orodha ya vitabu unavyotaka kusoma mwaka ujao, uvitafute katika duka la Amazon na katika duka la Kobo. Riwaya za Kiingereza utazipata bila shida. Za Kiswahili nyingi hutaziona, na zile zinazozunguka kwenye simu zikiwa picha za kurasa zilizopigwa skani zitakurudisha kwenye tatizo lilelile la PDF, mbali na kwamba mwandishi wake hapati hata senti.

Mwambie pia shemeji kwamba Marekani Kindle huuzwa kwa bei pungufu ikiwa na matangazo kwenye kioo inapolala, asije akaona bei hiyo akadhani amebahatika. Na kwa mvua za masika za huko kwenu, chagua yenye kinga ya maji: Kindle ya kawaida haina, Kindle Paperwhite inayo, na Kobo Clara pia inayo.

SWALI: Ninasoma shahada ya uzamili hapa Arusha. Kazi yangu ni makala za kitaaluma zenye majedwali na grafu, na ninapenda kuandika pembeni. Nimepata Kindle ya inchi 6 iliyotumika kwa bei nzuri. Ninunue? (Mwanafunzi, Tengeru)

JIBU: Usinunue. Makala zako ni PDF za safu mbili, na grafu ya rangi nne ikigeuzwa kuwa ya kijivu hutajua mstari upi ni upi. Kinachokufaa ni kifaa cha inchi 10 chenye rangi na kalamu, na kama fedha hairuhusu, kompyuta mpakato uliyonayo inatosha. Ukishindwa kujizuia, mwambie muuzaji aiondoe kwenye akaunti yake mbele yako, kisha uisajili kwa akaunti yako kabla ya kutoa fedha, kwa sababu Kindle iliyoripotiwa kuibiwa haisajiliki.

SWALI: Mama yangu ana miaka 74, anaishi nami Njiro. Anasoma Biblia kila alfajiri na hadithi fupi jioni, lakini maandishi ya kawaida hayaoni tena. Je, vifaa hivi vitamsaidia? (Binti yake, Arusha)

JIBU: Tumpe mama shikamoo kwanza. Mpeleke akapimwe macho kabla ya kununua chochote, hospitali ya KCMC ya Moshi au kwa daktari wa macho aliye karibu nawe, kwa kuwa mtoto wa jicho hauondolewi na herufi kubwa. Baada ya hapo, kwa hadithi fupi, kifaa kitamsaidia sana: herufi hukuzwa na kunenepeshwa apendavyo. Tafuta cha inchi 7, kwani herufi kubwa kwenye kioo kidogo huacha maneno matatu kwa mstari, na chenye vitufe vya kugeuzia kurasa, mfano Kobo Libra, maana vidole vya wazee huwa vikavu na kioo cha kugusa mara nyingi hakivisikii.

Biblia ni suala jingine. Kutoka Zaburi kwenda Warumi kwenye kioo cha wino ni kazi ya taratibu, na faili isiyo na orodha ya vitabu na sura inayobonyezeka itamchosha asubuhi ya kwanza tu. Mnunulie Biblia ya karatasi yenye maandishi makubwa.