Bwawa la mashapo mgodini: kina hakifidii eneo

SWALI: Injinia, habari ya kazi? Niko na kampuni ya ushauri hapa Upper Hill. Tunachora bwawa la kutuamisha mashapo ya mgodi wa makaa ya mawe kusini mwa Tanzania. Ardhi ni ndogo, kwa hiyo bosi anasema tupunguze upana na tuchimbe chini zaidi, mradi ujazo ubaki uleule. Je, kuna ubaya? – Msomaji, Donholm

JIBU: Ubaya upo, na ni mkubwa. Nakusihi umwendee bosi na hesabu mkononi kabla michoro haijatoka ofisini.

Chembe hunaswa bwawani ikiwa kasi yake ya kushuka inazidi mtiririko wa maji ukiugawa kwa eneo la uso wa bwawa. Kina hakimo. Ukiongeza kina mara mbili, maji yatakaa bwawani muda mara mbili, lakini chembe nayo itakuwa na safari mara mbili hadi chini. Injinia Mmarekani Allen Hazen alilieleza hili mwaka 1904.

Chukua chembe ya udongo ya mikroni 20 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Katika maji ya nyuzi 20 inashuka takriban milimita 0.36 kwa sekunde. Mvua ikileta mita ya ujazo moja kwa sekunde, na ukiongeza asilimia 20 ya tahadhari, unahitaji kama mita za mraba 3,300. Hapo ndipo wengi hukomea, nao wanasahau kwamba makaa si udongo. Udongo una uzito wa mara 2.65 ya maji. Makaa ni kama mara 1.35 tu. Chembe yake ya ukubwa uleule inashuka kwa kasi ya karibu moja ya tano, na eneo linapanda hadi karibu ekari nne. Ndiyo maana bwawa lililopimwa kwa jedwali la udongo hutoa maji meusi kila mvua ikinyesha.

Chembe za mikroni 2 ni shida nyingine kabisa: mita moja ya kushuka huzichukua zaidi ya siku tatu, tena maji yakiwa yametulia. Umewahi kuona mashimo ya mawe kule Njiru wakati wa mvua ndefu? Udongo ule mweusi unaacha maji yakifanana na chai ya maziwa kwa siku nyingi. Kwa hizo, panga shabu au polima, dawa za kuzigandisha pamoja ili zishuke.

Kwa hiyo usikisie ukubwa wa chembe. Jaza silinda ya lita moja kwa maji ya mgodini, yakoroge, iweke mezani na usiiguse. Mchanga utatua mara moja. Chota sampuli kwa kina kilekile kila baada ya muda, pima mashapo yaliyobaki, na utapata kasi halisi ya kushuka.

Ardhi ikiwa ndogo, punguza maji. Chimba mfereji wa kukinga juu ya mgodi ili maji safi ya msituni yapite kando. Ukiondoa nusu ya mtiririko, eneo nalo linapungua kwa nusu. Halafu fanya urefu uwe angalau mara mbili ya upana, mlango wa kuingilia uwe mbali na wa kutokea, na utangulize kibwawa cha mchanga mahali ambapo ekskaveta inafika bila shida. Kina kina kazi yake: kuhifadhi tope na kulizuia lisitibuliwe. Lizoe nafasi yake ikijaa nusu.

Asidi itokayo kwenye pairiti, madini ya chuma na salfa yaliyomo kwenye makaa, haitibiwi na bwawa hili. Pima pH, yaani kiwango cha asidi, mapema.

Marekani, migodi ya makaa hairuhusiwi kuzidi miligramu 70 za mashapo kwa lita katika siku moja, wala wastani wa 35 kwa siku 30. Kanuni zetu za Kenya za ubora wa maji za 2006 ziliweka 30. Lakini mradi wako uko Tanzania, kwa hiyo chukua viwango vya huko kutoka NEMC, baraza lao la mazingira, na takwimu za mvua kutoka mamlaka yao ya hali ya hewa, si kwa idara yetu ya hali ya hewa pale Dagoretti Corner.

Jambo la mwisho umwambie bosi: tuta refu la kushikilia maji mengi ni hatari. Buffalo Creek, West Virginia, kizuizi cha tope la makaa kilipasuka Februari 1972 kikaua watu 125. Sisi Kenya tuliona bwawa la Solai likipasuka Mei 2018. Weka njia ya dharura ya kumwagia maji, iliyojengwa kwa mawe na kupimwa kwa mvua kubwa kuliko ya bwawa lenyewe, na kwenye mchoro uonyeshe kila nyumba iliyo chini ya tuta.