Anza na sponji laini: kuchagua polishi na pedi za rangi ya kiwandani

Kona ya kushoto ya boneti, pale mkunjo unaposhuka kuelekea kwenye taa, ndipo nilipoimaliza rangi ya gari la watu. Ilikuwa Toyota Mark X nyeusi, haijatimiza hata miezi miwili tangu itoke bandarini Dar es Salaam, na mwenyewe alitaka tu zile nyuzi za buibui, yaani mikwaruzo myembamba inayoonekana juani, ziondoke. Nilikuwa na mashine ya mzunguko mmoja (inayozunguka tu mahali pamoja), pedi ya sufu, yaani ile duara laini inayofungwa kwenye mashine, na kampaundi kali, yaani polishi ya chembe nzito, nikaanza navyo hivyo hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyowaona mafundi wakifanya. Harufu ilitangulia, kama ya plastiki iliyopata moto. Nilipofuta, nikakuta alama ya kijivu ya ukubwa wa ukucha, haing'ai hata uifanyeje. Klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, ilikuwa imekwisha. Boneti nzima ikarudiwa rangi kwa fedha yangu, na mwenye gari hakunirudia tena. Sikumlaumu.

Tangu siku hiyo kila anayeniuliza anunue polishi gani namjibu kwanza hivi: anza na kilicho laini kuliko vyote ulivyo navyo, kisha upande taratibu. Ukali unaweza kuuongeza wakati wowote. Klia iliyotoka na kitambaa imetoka.

Chukua karatasi moja ya kawaida ya kuchapishia uishike kwa vidole viwili. Unene wake ni kama mikroni 100. Rangi yote ya gari kutoka kiwandani, kuanzia praima (rangi ya msingi) mpaka juu, mara nyingi iko kati ya mikroni 100 na 150, na humo klia peke yake ni 40 hivi. Klia hiyo ndiyo inayobeba mng'ao na ndiyo yenye dawa ya kukinga jua. Polishi laini huondoa mikroni moja au mbili. Kampaundi kali kwa pedi ya sufu, ukiirudia rudia mahali pamoja, inakula zaidi ya hapo, na kwenye kona na mikunjo ya bodi ndiko rangi ilikokaa nyembamba kabisa. Piga hesabu hiyo, utaelewa kwa nini gari linalopigwa kampaundi kila mwaka hufika siku paa likaanza kupauka, halafu likabanduka vipande vipande.

Rangi ya kiwandani huokwa kwa joto la karibu nyuzi 140, gari likiwa bado ni bodi tupu. Rangi ya gereji, hata penye oveni nzuri, huokwa kwa nyuzi 60 hivi, maana ndani kuna dashibodi na nyaya za mtu. Ndiyo maana mlango wa kiwandani na mlango uliorudiwa haipokei polishi kwa namna moja, ijapokuwa kwa macho ni mapacha. Kipimo cha unene wa rangi hukueleza papo hapo: mlango huu mikroni 110, ule 115, wa nyuma kushoto 260. Huo wa 260 umeshapita kwa fundi. Hakuna fedha niliyotoa kwenye kazi hii nikairidhia kama ile niliyonunulia kipimo hicho. Bampa kipimo cha kawaida hakilisomi, kwa sababu ni plastiki. Nalo lihurumie, kwani plastiki haisambazi joto kama bati, hivyo linaungua upesi.

Kabla ya kufikiria chupa yoyote, jua unashughulika na rangi ipi. Kwenye magari ya Toyota tafuta kile kibati chenye maandishi C/TR, namba ya rangi iko hapo. Ukiona 202, hiyo ni nyeusi inayofahamika kwa ulaini wake. Taulo la kawaida tu linaichora. Subaru nyingi nazo ni laini. Upande wa pili kuna Mercedes-Benz, ambao tangu mwishoni mwa 2003 walianza kutumia klia yenye chembe za kauri. Hiyo ni ngumu, na polishi iliyong'arisha Toyota yako inaweza kupita juu yake isiache dalili. Halafu kuna magari meupe ya kazi, hasa ya zamani, yasiyo na klia kabisa. Hapo sponji itageuka nyeupe, na usishtuke, ni rangi yenyewe inayotoka kidogo kidogo. Lakini kwenye gari lenye klia, ukiona sponji imeshika rangi ya gari, zima mashine hapo hapo.

Sasa pedi, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu watu hutumia wiki nzima kuchagua chupa, pedi wakachukua yoyote iliyopo dukani. Kwa uzoefu wangu pedi ndiyo inayoamua zaidi. Dawa ile ile ya kati ukiiweka kwenye sufu inakata, yaani inakula klia, ukiiweka kwenye sponji laini inang'arisha. Sufu inakula haraka kuliko zote na huacha ukungu unaolazimu kupita tena na sponji. Maikrofaiba inakata vizuri pia, na kwenye klia ngumu ninaipenda, ila kwenye nyeusi laini huacha vinyweleo vyake. Sponji ndiyo ya kuanzia kwa yeyote: moja ngumu, moja ya kati, moja laini.

Tatizo ni rangi za sponji. Wengi huamini njano ni ya kati duniani kote. Kwa kampuni ya Lake Country sponji ya njano ni ya kukata, tena kali. Kwa Meguiar's njano ni ya kupolishi, ya kukata ni nyekundu ya zambarau. Kwa Rupes njano ni laini, kali yao ni ya bluu. Nimemwona kijana mwangalifu kabisa akimalizia boneti nyeusi na sponji ya njano ya kampuni moja, akifuata maelekezo aliyopewa na mtu mwenye njano ya kampuni nyingine. Kwa hiyo soma maandishi ya nyuma ya pedi, kisha ibonyeze kwa kidole gumba uone inavyorudi. Inayopinga kidole ni ya kukata.

Kwenye chupa mambo ni mepesi zaidi. Menzerna wanaandika namba, na zinakwenda kama za msasa: 400 ni kali, 2500 ya kati, 3500 na kuendelea ni ya kumalizia. Meguiar's wana M105 ya kukata na M205 ya kumalizia. Kwa gari ambalo halijawahi kuguswa, chupa moja ya kumalizia na moja ya kati zinatosha. Ile kali kabisa inaweza kukaa kabatini mwaka mzima usiihitaji.

Kitu cha kukihofia ni dawa yenye mafuta ya kujaza mikwaruzo. Mama mmoja aliniletea gari lake akiwa na uchungu: "Mwanangu, Jumamosi lilikuwa kama kioo. Mvua mbili tu, alama zote zimerudi." Zilikuwa hazijawahi kuondoka. Zilifunikwa na mafuta, mvua na sabuni vikayatoa. Alilipia kazi ambayo haikufanyika, na jambo hilo liliniumiza, kwa sababu alikuwa amejinyima. Kinga yake ni rahisi: ukimaliza sehemu ndogo, ifute kwa alkoholi ya isopropili uliyochanganya na maji, halafu ipige tochi kwa ubavu. Ukiziona nyuzi za buibui zinarudi, dawa hiyo inaficha tu.

Jaribio lenyewe nalifanya hivi. Gari limeoshwa, limepitiwa udongo wa kutoa uchafu ulioganda, liko kivulini na bati limepoa. Kwa joto letu hapa Dar, hilo maana yake ni kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi. Nafunga tepu ya karatasi kuzunguka eneo la nusu mita kwa nusu mita, katikati ya boneti, mbali na mikunjo. Sponji laini, polishi ya kumalizia, matone manne ya ukubwa wa njegere, mashine ya mizunguko miwili (inayozunguka huku ikiyumba), mapito manne yanayokatana, mkono ukienda polepole. Nafuta, nawasha tochi. Kama nusu ya alama zimetoka, nabadilisha sponji tu, naweka ya kati kwa dawa ile ile. Kama bado, ndipo nabadilisha chupa. Mchanganyiko uliofaulu hapo ndio unaozunguka gari zima, na kwenye mikunjo napunguza mkono.

Sponji moja haimalizi gari. Tenga nne mpaka sita kwa gari dogo, na uipige kila moja brashi baada ya kila eneo, maana iliyojaa unga wa klia inapata joto na inaanza kuchora yenyewe. Zioshe jioni ile ile, usiache dawa ikaukie ndani.

Na mkwaruzo unaonasa ukucha ukiupitishia, uache. Mwezi uliopita jirani alikuja na Subaru ya bluu yenye mkwaruzo wa namna hiyo mlangoni, anataka ufutike kabisa. Nilipima rangi, mikroni 95. Nikaulainisha kingo zake kwa sponji ya kati mpaka ukawa hauonekani ukisimama hatua tatu, nikapaka nta, nikamwambia nimeishia hapo. Aliinama, akautazama kwa karibu, akapitisha kidole. "Bado upo," akasema. Nikamwambia ndiyo, bado upo.