Je, kufuata nukta kwenye simu kunatibu kiwewe cha ajali?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwaka juzi nilinusurika ajali ya basi usiku. Abiria niliyekaa naye alifariki. Mpaka leo nikisikia breki zikilia moyo unanienda mbio, na usiku nashtuka usingizini. Rafiki yangu aliyeko Uingereza ananiambia kuna tiba ya macho iitwayo EMDR. Nimeona video za nukta inayokwenda kushoto na kulia. Macho yanahusiana vipi na ajali? Naweza kujitibu mwenyewe? Na ni lazima nisimulie yote?

JIBU: Marahaba dada, na pole sana. Nianze na la simu: usijaribu peke yako. Video hizo zina ile sehemu rahisi tu.

EMDR (kifupi cha Kiingereza cha Eye Movement Desensitization and Reprocessing, yaani kupunguza makali ya kumbukumbu kwa kusogeza macho) ilibuniwa na Francine Shapiro wa Marekani. Mwaka 1987 alibaini kuwa mawazo yaliyomsumbua yalipungua makali macho yake yalipokwenda huku na huku. Utafiti wake wa kwanza ulichapishwa 1989. Leo tiba hii ina hatua 8, na macho hayaanzi kazi mpaka hatua ya 4. Kabla ya hapo mtaalamu anachukua historia yako na kukufundisha kujituliza, kwa mfano kukunja mikono kifuani na kujipigapiga mabega polepole kwa zamu. Kisha mnachagua picha moja inayokuumiza kuliko zote. Unataja wazo lililokuganda, tuseme "ningemwamsha angepona", na ukubwa wa maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10.

Ndipo anapopitisha vidole mbele yako kwa kama nusu dakika. Unavifuata kwa macho, kichwa kimetulia, ile picha ukiwa nayo akilini. Anasimama: "Sasa kuna nini?" Unajibu kwa maneno machache, mnaendelea, hadi kipimo kishuke kufikia 0 au 1. Kwa hiyo hapana, hulazimiki kusimulia ajali nzima. Ajali utaikumbuka baadaye pia. Kinachotakiwa kuondoka ni ule mshtuko.

Kwa nini macho? Maelezo yanayonishawishi zaidi ni kwamba akili haiwezi kushika mengi kwa wakati mmoja. Ukikumbuka huku unafuata vidole, kumbukumbu haipati nafasi ya kuja na makali yake yote, na inaporudi kuhifadhiwa inakuwa imefifia. Ndiyo maana wengine hutumia milio ya zamu masikioni au kugusa viganja. Wapo wataalamu wanaobisha: wanasema kinachotibu ni kule kuikabili kumbukumbu, macho yanaongeza kidogo au hayaongezi kitu. Ubishi huo haujaisha. Lakini kwamba wagonjwa wanapata nafuu, hilo lina ushahidi wa kutosha. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watu wazima na watoto, sambamba na tiba ya utambuzi na tabia inayolenga kiwewe, yaani mazungumzo na mtaalamu yanayokusaidia kubadili mawazo na mienendo iliyotokana na kiwewe. Ukikosa mtaalamu wa EMDR ulipo, tafuta hiyo ya pili bila kujiona umepata makombo.

Sasa, hatari ya kujifanyia. Kumbukumbu moja huvuta nyingine. Mtu anaanza na basi, anajikuta kwenye msiba wa utotoni, saa 5 usiku, chumbani peke yake. Kikao cha dakika 60 hadi 90 huwa na muda uliotengwa wa kukutuliza kabla hujatoka, na hata hivyo siku chache zinazofuata unaweza kuota ndoto nzito au kuchoka. Mweleze mtaalamu mapema kama una kifafa, ugonjwa wa macho, mawazo ya kujiua, au nyakati unapojihisi kama uko nje ya mwili wako. Hayo hayakuzuii moja kwa moja, ila yanabadili namna na kasi ya kukutibu.

Na kabla ya kulipa, muulize amefunzwa EMDR wapi na nani anayemsimamia. Akianza kupunga vidole dakika kumi baada ya kukusalimia, aga uondoke.