Kwa nini uzi mmoja wa DNA hunakiliwa vipande vipande

Ndugu, umeuliza kwa nini, seli inaponakili DNA yake, uzi mmoja hunakiliwa mfululizo na mwingine vipande vipande. Sababu ni mwelekeo. Nyuzi mbili za DNA hulala sambamba lakini zimepishana, kichwa cha mmoja kikiwa kwenye mkia wa mwenzake, na polimerasi, kimeng'enya kinachojenga uzi mpya, huweza kuongeza nyukleotidi, yaani viungo vidogo vinavyounda uzi, kwenye ncha moja tu, ile iitwayo ncha ya 3. Kwa hiyo helikesi, kimeng'enya kingine, inapozitenganisha nyuzi hizo kama zipu inayofunguliwa, polimerasi ya uzi wa kwanza huifuata bila kusimama, ilhali ile ya uzi wa pili hujenga kwa kuipa mgongo, ikianza upya kila sehemu mpya inapofunuka.

Kila kipande huanzia kwenye kianzio kifupi cha RNA, molekuli inayofanana na DNA. Hicho huondolewa baadaye, pengo lake hujazwa, kisha kimeng'enya kiitwacho ligasi huunga vipande hivyo kuwa uzi mmoja. Vipande hivi, vilivyogunduliwa na Reiji na Tsuneko Okazaki wa Japani katika miaka ya 1960, huwa na nyukleotidi 1,000 hadi 2,000 katika bakteria, lakini takriban 100 hadi 200 tu katika seli za binadamu, jambo ambalo kwa kweli linastaajabisha.