Bibi Titi Mohamed na wanawake wa TANU

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, binti yangu hupita kila siku Barabara ya Bibi Titi Mohamed, naye ameniuliza mama huyo alifanya nini hasa katika kudai uhuru. Tafadhali tueleze. Msomaji, Ilala.

JIBU: Ndugu msomaji, Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, na kabla ya siasa alijulikana kwa uimbaji katika kikundi cha ngoma. TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilianzishwa Julai 1954, na mwaka 1955 yeye, akiwa kiongozi wa tawi lake la wanawake, alivifuata kwanza vikundi hivyo vya ngoma, kwa kuwa huko akina mama walikuwa tayari na viongozi waliowaamini pamoja na mazoea ya kuchangishana na kukutana, na kwa muda mfupi maelfu wakachukua kadi za chama. Kwa maoni yangu, bila akina mama hao, wengi wao wasio na elimu ya shule, TANU isingekuwa na nguvu ile mitaani. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, naye akawa mbunge. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini. Rais Nyerere alimsamehe mwaka 1972. Alifariki Novemba 2000.