Uchumi ni somo au ni ubepari umevaa koti?

Swali nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Nasoma uchumi mwaka wa pili. Kila nikisema kitu kuhusu serikali kupanga bei, jamaa mmoja hosteli ananiambia huo sio uchumi, ni ubepari tu mmekaririshwa. Lecturer wetu naye anasema uchumi ni sayansi, hauna chama. Nani yuko sahihi? Na wewe mwenyewe ni mjamaa au bepari?"

Marahaba. Kila mmoja ana nusu yake. Kwanza lugha yenyewe inatuchanganya, maana kwetu "uchumi" ni hali ya mfukoni na hapohapo ni somo la darasani, na "siasa" nayo zamani ilikuwa inamaanisha pia sera, ndo maana 1972 TANU, chama tawala cha wakati huo, ilipotoa tamko la Siasa ni Kilimo kule Iringa hakuna aliyeshangaa.

Tuchukue mahindi. Katikati ya miaka ya 70 serikali yetu ya Tanzania ikasema kilo ya mahindi itanunuliwa kwa bei moja nchi nzima, uwe Morogoro uwe Sumbawanga kule Rukwa, na mnunuzi anayetambulika ni NMC, shirika la serikali la kununua na kusaga nafaka, basi. Sasa humo ndani kuna vitu viwili vimefungwa gunia moja. Kusema mkulima wa Rukwa asipunjwe kisa tu kazaliwa mbali, hiyo ni itikadi, na mimi sina fomula ya kukwambia ni sawa au si sawa, inategemea unaamini watu wa nchi moja wanadaiana nini. Ila kusema kwamba ukiweka bei moja huyo mkulima wa mbali atalima zaidi, na kwamba nauli ya lori kutoka Sumbawanga mpaka Dar, zaidi ya kilomita 1,000, haijafutika imehamia tu kwenye daftari la NMC, huo ndo uchumi, unapimika, na mjamaa na bepari wanaweza kukaa meza moja wakakubaliana bila mmoja kubadili dini.

Na ikaenda hivohivo. Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zikalima mahindi kweli kweli, NMC ikazama kwenye madeni, na mkulima aliye karibu na mjini, ambaye hiyo bei ilikuwa inamuumiza, akaona bora amuuzie mlanguzi usiku. 1983 ikaja kamatakamata ya wahujumu uchumi. Sasa ukimkamata mlanguzi, ile tofauti ya bei iliyomleta si bado ipo? Kesho anakuja mwingine, tena anadai faida kubwa zaidi kwa sababu hatari imeongezeka.

Hapo sijasema ujamaa ni mbaya. Unaweza kuyajua yote hayo ukasema sawa, taifa libebe hiyo gharama, Rukwa ni ya kwetu pia. Huo ni msimamo halali kabisa, ila uandike kwenye bajeti kama ruzuku, usijifanye ni bure. Wachumi wenyewe hatukubaliani ni kiasi gani cha yale mavuno kilitokana na bei na kiasi gani kilitokana na mbolea ya ruzuku, lakini ugomvi wa aina hiyo unapelekwa kwenye data, haupelekwi mkutano wa hadhara.

Afu mwambie jamaa yako kifaa hichohicho anachokiita cha kibepari kinakata pande zote. Januari 2003 Kenya ilipofuta ada za shule za msingi watoto wakatoka kama milioni 5.9 wakafika kama milioni 7.2 mwaka huohuo. Bei imeshuka watu wamechukua zaidi, ni ule mchoro wa mahitaji mliofundishwa mwaka wa kwanza, hamna kingine.

Ila ana pointi, tena nzito. Kuanzia 1986 tulipokubaliana na IMF, mambo mengi yaliletwa kwetu kama vile ni hesabu tupu wakati ndani yake kulikuwa na chaguo la mtu. Kwamba nakisi ya bajeti, yaani serikali kutumia kuliko inachokusanya, haiwezi kuendelea milele, sawa, hiyo hesabu. Lakini nani akatwe? 1993 hospitali za serikali zikaanza kuchangisha wagonjwa, na hakuna mlinganyo duniani unaosema aanze mgonjwa. Mchumi aliyesema "ni ushauri wa kitaalamu tu" pale alikuwa anapiga siasa, tena bila kugombea hata udiwani.

Mimi nikitaka kujua mtu anaongea uchumi au itikadi namuuliza kitu kimoja, ukiona nini utakubali umekosea? Angalia Kenya tena. Agosti 2016 ikapita sheria kwamba riba ya mkopo wa benki isizidi pointi 4 juu ya riba ya Benki Kuu, ikafutwa Novemba 2019. Waliosema mabenki yanyonyaji na yabanwe walitakiwa wajiulize mbona mwenye duka mdogo alizidi kukosa mkopo, benki zikaona heri ziikopeshe serikali, na yeye akaishia kwenye mikopo ya simu, ambako M-Shwari ilikuwa inakata 7.5% kwa mwezi na haiitwi riba inaitwa ada. Na sisi tuliokuwa tunapinga tulitakiwa tuseme ukweli kwamba mikopo kwa sekta binafsi ilishaanza kudorora kabla hata hiyo sheria haijasainiwa, kwa hiyo kuitwisha sheria lawama zote nako ni ushabiki. Wengi wetu tuliruka hicho kipande.

Haya, mimi nani. Shule na matibabu mimi mjamaa, tena wa zamani. Mahindi namuachia mkulima auze anakotaka, hata nje ya mpaka. Hiyo ni kura yangu tu, kwenye mtihani usiiandike.