Kabla hujaandika wasifu wa baba, fungua daftari lake

Baba yetu alipofariki, kazi ya kuandika wasifu wake niliachiwa mimi. Niliuandika usiku mmoja, waombolezaji wakiwa wamejaa chini ya turubai, na kesho yake ukasomwa katika ibada kabla ya kumlaza kihambani, yaani shamba la nyumbani, kati ya migomba yake. Ulitaja kwamba alipata kipaimara mwaka 1963, mwaka uleule makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kwamba alikuwa mzee wa kanisa, kisha mhazini wa usharika. Hapakuwa na uongo humo, lakini baadaye mama aliniambia kwa upole kwamba hakumsikia mume wake.

Wiki kadhaa baada ya maziko tulikuta kaunta buku lake. Mbele aliandika mambo ya kanisa: kuku, mayai na mikungu ya ndizi iliyonadiwa baada ya ibada ya mavuno, nani alinunua na nani bado anadaiwa, pamoja na mabati 12 na kilo 2 za misumari kwa ajili ya nyumba ya mjane mmoja. Ukiligeuza na kulifungua kwa nyuma, unatukuta sisi: ada za shule, tarehe za kliniki, na nyayo za watoto wanne zilizochorwa kwa penseli, kila wayo na jina lake, kwa sababu hakuwa na nauli ya kutupeleka sote Moshi mjini kununua viatu, hivyo alikwenda na daftari dukani. Wayo wangu wa mwaka 1984 unaenea kwenye kiganja changu. Nami utoto wangu wote nilidhani kanisa linatunyang'anya baba.

Kwa hiyo nakuomba, usianze na vyeo. Anza na mjane wake, umuulize jambo dogo, kwa mfano marehemu alifanya nini akirudi usiku kutoka kikao cha baraza la wazee. Mama alinijibu kwamba hakulala kabla ya kupita kitanda kwa kitanda akitufunika. Kisha nenda kwa wanajumuiya waliosali naye nyumba kwa nyumba, na kwa mlinzi wa kanisa, maana siku ya maziko muda wa salamu huishia kwa viongozi na hao hawapati nafasi. Rekodi sauti zao kwa simu. Kama baba yako yu hai, una heri kuliko mimi: Desemba hii, mkirudi nyumbani, kaa naye umuulize mwenyewe.

Wala usimfanye malaika. Mwaka mmoja baba alimaliza ahadi yake ya ujenzi wa kanisa kabla ya ada ya kaka, na mama hakumsemesha kwa siku mbili. Mama mwenyewe ndiye aliyetaka hilo liandikwe.

Wasifu mpya tuliusoma siku ya kujengea kaburi, tukiwa wanafamilia na wanajumuiya wachache. Nilipofika kwenye zile nyayo, mama aliinua mkono akanisimamisha, akasema nimesahau kwamba viatu alivyoleta vilikuwa vikubwa kidogo, ili tuvikulie.